Thomas More: Hakimu, Baba wa Nyumba, na Mtu wa Sala

Mara kwa mara twasikia maneno mawili yanayopingana juu ya sala. Mmoja hunena kwamba mwenye kushinda kanisani shamba lake huota magugu, na kwamba anayeitazamia sana mbingu husahau kuezeka nyumba yake. Wa pili, naye ni Mkristo mwema, hulalamika kwamba angependa kusali lakini kazi hazimpi nafasi: alfajiri ni mifugo, mchana ni ofisi au duka, jioni ni watoto, na usiku ni usingizi. Watu hawa wawili wamekubaliana katika jambo moja pasipo kujua. Wote hudhani kwamba sala na kazi ni kama wake wenza wasiopatana, na kila dakika apewayo mmoja imeibwa kwa mwingine.

Hatutaki kubishana nao kwa hoja. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko wengi wetu, mwenye mke, watoto, wajukuu na watumishi, ambaye hakuwa padre wala mtawa, na ambaye alipanda hata akawa miongoni mwa wakuu wa kwanza wa ufalme. Mtu huyo ni Thomas More, Mwingereza, ambaye Kanisa humkumbuka kila mwaka tarehe 22 Juni pamoja na Askofu John Fisher. Jinsi alivyokufa wengi wanajua. Sisi twataka zaidi kutazama jinsi alivyoishi siku za kawaida, maana katika miaka 57 aliyokaa duniani, muda aliokuwa mfungwa haukutimia miezi 15.

Alizaliwa London mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria na baadaye akawa hakimu katika mahakama ya mfalme. Kijana alipopata umri wa miaka 12 hivi alipelekwa kulelewa katika nyumba ya Askofu Mkuu wa Canterbury, John Morton, akawa anahudumu mezani kama ilivyokuwa desturi ya watoto wa watu wenye heshima siku zile. Morton aliiona akili yake akampeleka Oxford. Huko baba yake alimpa fedha chache mno, hata za kutengenezea viatu hakuwa nazo mpaka aombe. Naye alipokuwa mtu mzima alimsifu baba kwa ule mkono mzito, kwa kuwa ulimwepusha na anasa za wenzake. Haikupita miaka mingi, yapata miwili tu, baba akamwita arudi London ajifunze sheria. Akatii.

Katika London ilikuwako monasteri ya Wakartusi, watawa wa kimya kingi na mifungo mikali. Thomas alikaa karibu nao kwa muda wa miaka minne hivi, akishiriki sala zao bila kuweka nadhiri. Mchana aliendelea na mambo ya sheria. Na kengele za watawa zikampimia saa za kusali. Katika miaka hiyo hiyo aliombwa kufundisha hadharani, katika kanisa la St Lawrence Jewry, juu ya kile kitabu kikubwa cha Mtakatifu Augustino kiitwacho Mji wa Mungu, na watu wazima wenye elimu walikuja kumsikiliza kijana huyu. Kitabu hicho chaeleza habari za miji miwili, ule wa Mungu na ule wa dunia, inayoishi imechangamana mpaka siku ya mwisho. Twadhani funzo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Baada ya kupima moyo wake sana aliona kwamba wito wake si utawa bali ndoa. Wako wanaofikiri kwamba mtu akitoka seminarini au utawani ameacha nusu ya Mungu huko nyuma. More hakuacha kitu. Mazoea aliyoyapata kwa Wakartusi aliyachukua akaenda nayo nyumbani kwa mkewe: kuamka mapema, kusali Zaburi, kufunga, na kuvaa shati la singa lenye kuchoma mwili chini ya nguo zake nzuri. Shati hilo msomaji alikumbuke, maana tutakutana nalo tena.

Alimwoa Jane Colt mwaka 1505, wakapata mabinti watatu, Margaret, Elizabeth na Cecily, na mwana mmoja, John. Mwaka 1511 Jane alifariki, akaacha watoto wanne wadogo. Haukupita muda mrefu More akaoa tena, akamwoa mjane aitwaye Alice Middleton, mwanamke aliyemzidi umri, mwenye ulimi mkali, hodari sana wa kutunza nyumba. Bibi Alice hakuwa mtu wa vitabu, wala hakuwa mwepesi wa kuelewa mizaha ya mumewe, naye More alikuwa mtu wa mizaha tangu asubuhi hata jioni. Hata hivyo alimshawishi, katika umri ule, ajifunze kupiga vyombo vya muziki. Waliishi kwa amani. Twataja mambo haya madogo kwa sababu watu wengine huchora picha za watakatifu kana kwamba hawakuwahi kusikia mke akinung'unika jikoni.

Mwaka 1510 aliwekwa kuwa hakimu na mshauri wa sheria wa jiji la London. Hapo ndipo jina lake lilipoenea kwa watu wadogo. Mara nyingi aliwasamehe wenye mashauri ada waliyopaswa kumlipa. Walipomjia kama wakili, kwanza alijaribu kuwapatanisha na wapinzani wao nje ya mahakama, akawaonyesha njia ya kupunguza gharama; jambo ambalo, twakiri, mawakili wachache hulifanya, kwa kuwa ugomvi wa watu ndio mkate wao. Hakuwa mtu wa kuidharau kazi ya dunia hii ati kwa sababu dunia inapita. Aliishika kama mtu ajuaye kwamba ataulizwa habari zake.

Mwaka 1516 alitoa kile kitabu kilichomfanya ajulikane Ulaya nzima, Utopia, habari za kisiwa cha kubuni na desturi za watu wake. Katika barua aliyoiweka mwanzoni mwa kitabu alimweleza rafiki yake Peter Giles kwa nini amechelewa kukimaliza. Alitaja mashauri ya mahakamani, ya kuhukumu na ya kutetea. Watu wa kuwatembelea kwa heshima na watu wa kuwatembelea kwa kazi. Kisha nyumbani mke wa kuzungumza naye, watoto wa kucheza nao, watumishi wa kuagana nao juu ya shughuli. Mambo haya ya nyumbani aliyahesabu kuwa kazi, maana ni lazima yatendeke, mtu asije akawa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kilichosalia kwa kuandika ni kile tu alichokiiba katika usingizi na chakula. Baba wa leo arudiye usiku na kukuta watoto wamelala ataielewa barua hiyo bila mfasiri.

Ndani ya kitabu kile mna jambo linalogusa habari yetu moja kwa moja. Watu wa Utopia hufanya kazi saa 6 tu kwa siku, tatu kabla ya adhuhuri na tatu baadaye, na saa hizo zatosha kwa kuwa hakuna mvivu wala tajiri anayekula jasho la wenzake. Tena, miongoni mwao wamo watu wa dini wanaoitazamia furaha ya baada ya kifo kuliko wengine wote. Je, watu hao hukaa wamekunja mikono wakiitazama mbingu? La. Wao ndio wauguzao wagonjwa, wakarabatio barabara na madaraja, wazibuao mitaro, wachimbao mchanga na mawe, wapasuao magogo na kuyachukua mjini kwa mikokoteni. Kazi yo yote chafu au ngumu inayokimbiwa na wengine, wao huipokea kwa furaha, ili wenzao wapate kupumzika. Wala hawajisifu kwayo, wala hawawalaumu wasiofanya kama wao. Yawezekana More alikuwa akiwafanyia mzaha kidogo watu wa dini wa siku zake waliopenda heshima kuliko jembe. Lakini neno lenyewe ni zito: katika kisiwa alichokibuni, wenye kuitamani mbingu ndio wenye mikono yenye sugu.

Na yeye mwenyewe alizipata wapi saa za sala? Padre Thomas Stapleton, aliyeandika habari zake mwaka 1588, asimulia kwamba More aliamka saa nane za usiku, akasali na kusoma mpaka saa moja asubuhi, na kila siku alisikiliza Misa. Inasimuliwa pia kwamba siku moja mfalme alimwita naye yu kwenye Misa. Mjumbe akaja mara ya pili na ya tatu, naye hakuondoka mpaka Misa ilipokwisha. Hatumwambii msomaji aamke saa nane. Mwenye kulima tangu macheo, au mama mwenye mtoto mchanga, ana sheria nyingine ya usingizi, na Mungu aijua. Twaonyesha tu kwamba More hakungoja kazi ziishe ndipo asali. Alijua kwamba haziishi.

Mfalme Henry VIII alimpenda. Alimwingiza katika baraza lake, akampa kazi za hazina, akamtuma ng'ambo kufanya mapatano, na mwaka 1523 More akawa Spika wa Bunge. Usiku mfalme alimpandisha juu ya dari kutazama nyota na kuzungumza juu ya mwendo wake. Na malkia pia alifurahia mazungumzo yake wakati wa chakula. Upendo huo ukawa mzigo, maana haikuwezekana hata mara moja kwa mwezi apate ruhusa ya kwenda kwa mkewe na watoto. Wengine wangelisherehekea heshima kubwa namna hii. More alifanya nini? Alianza kupunguza uchangamfu wake mezani pa mfalme, akajifanya mtu asiyechekesha sana, kidogo kidogo, hata wasimwite tena mara nyingi kama zamani. Ndivyo alivyopata nafasi ya kurudi nyumbani. Habari hii twaipata kwa mkwe wake, William Roper, aliyemwoa Margaret na kukaa katika nyumba ile zaidi ya miaka 16.

Nyumba yenyewe ilikuwa Chelsea, kando ya mto Thames. Mlikuwamo Bibi Alice, watoto na wenzi wao, wajukuu, yatima waliolelewa humo, walimu na watumishi. Mabinti walifundishwa Kilatini, Kigiriki na elimu ya nyota kama mvulana alivyofundishwa, jambo la ajabu kwa wakati ule, na Margaret akawa mmoja wa wanawake wenye elimu kubwa katika Uingereza. Jioni, baba akiwapo, wote walikusanyika kusali pamoja, wakubwa kwa wadogo. Wakati wa chakula mmoja alisoma Maandiko Matakatifu kwa sauti, kisha wakaulizana maana, na mwisho More akaanzisha mzaha, watu wakacheka. Karata na dadu alizikataza. Inasimuliwa kwamba watumishi aliwapa vipande vya bustani wavitunze, ili saa za kungoja zisiwe saa za uvivu.

Hatua chache kutoka nyumba hiyo alijenga jengo dogo lenye kanisa, maktaba na ukumbi. Huko alikwenda peke yake. Na siku ya Ijumaa, kila alipoweza, alikaa humo tangu asubuhi hata jioni katika sala na masomo, akikumbuka mateso ya Bwana wetu.

Mwaka 1528 homa ya jasho, maradhi yaliyoua watu wengi kwa muda wa saa chache, iliingia katika nyumba ile ikamshika Margaret. Waganga walikata tamaa, kwani hawakuweza kumwamsha katika usingizi ule wa kifo. Baba akaenda katika kanisa lake dogo, akapiga magoti, akamwomba Mungu kwa machozi. Basi, alipokuwa katika sala, Roper asema, ikamjia akilini dawa moja, ile ya kutia maji tumboni kwa bomba. Akainuka, akawaambia waganga. Nao wakaona haya kwa kuwa hawakuifikiria, wakaitumia papo hapo, na Margaret akapona. Sisi twaipenda sana habari hii. Aliyepiga magoti hakukaa kungoja malaika, wala hakudharau bomba la mganga. Na More mwenyewe hakuona tofauti kati ya neema aliyoiomba na dawa aliyoikumbuka.

Mwezi wa Septemba 1529, More akiwa safarini pamoja na mfalme, alipata habari kwamba ghala zake za nafaka huko Chelsea zimeungua, pamoja na ghala kadhaa za majirani. Barua aliyomwandikia Bibi Alice siku hiyo ipo hata leo. Kwanza alimtaka awachukue watu wote wa nyumbani waende kanisani kumshukuru Mungu kwa alivyovitoa, kwa alivyovitwaa, na kwa alivyovibakiza. Baadaye akaingia kwenye kazi: achunguze vizuri kila jirani amepoteza nini, kwa maana moto ulipoanzia nyumbani kwake yeye lazima awalipe, hata kama asingebakiwa na kijiko, asimwachishe kazi mtumishi ye yote kabla hajapata mahali pengine pa kukaa, aangalie nafaka ya chakula na mbegu za kupanda, afikirie kama yafaa kuendelea na mashamba au kuyaacha. Tazameni mpango wa barua hiyo. Shukrani kwa Mungu yatangulia, na mara tu baada yake yaja madeni ya jirani, mkate wa mtumishi, na mbegu.

Mwezi uliofuata, tarehe 25 Oktoba 1529, mfalme alimkabidhi muhuri mkuu, akawa Chansela, yaani mkuu wa mahakimu wote, akichukua nafasi ya Kardinali Wolsey. Kabla yake cheo hicho kilikuwa kwa kawaida cha maaskofu. Kila siku alipokwenda barazani Westminster, akipita mahali baba yake mzee alipokuwa akiketi kama hakimu, Chansela wa Uingereza alipiga magoti mbele ya watu wote akaomba baraka ya baba yake. Wazee wetu wasomao habari hii hawahitaji maelezo.

Alasiri aliketi katika ukumbi wa nyumba yake, milango wazi, ili maskini yeyote aje kueleza shauri lake bila kupitia kwa mtu wa katikati. Mkwe wake Giles Heron, aliyekuwa na kesi mbele yake, alitegemea upendeleo akakataa mapatano; More akamhukumu kushindwa. Mwanamke mmoja tajiri, aliyekuwa ameshinda kesi, alimletea kwa Mwaka Mpya glavu zenye pauni 40 za dhahabu ndani yake. More alizipokea glavu ili asimvunjie heshima, akamrudishia dhahabu. Mashauri yaliyorundikana tangu miaka iliyopita aliyakata moja baada ya jingine, na inasimuliwa kwamba siku moja aliita shauri linalofuata akaambiwa halipo tena. Nani alisema kwamba mtu wa sala huchelewesha kazi?

Lakini tusimfanye kuwa mtu asiye na kivuli. Katika miaka yake ya uchansela watu 6 walichomwa moto katika Uingereza kwa kosa la uzushi wa dini, na More, aliyepigana na wazushi kwa kalamu na kwa sheria, aliiona adhabu hiyo kuwa ya haki, naye alishiriki katika kuwasaka baadhi yao. Ndivyo zilivyokuwa sheria za nchi, na ndivyo walivyofikiri wakuu wengi wa pande zote siku zile. Sisi hatuna haja ya kulificha wala kulitetea. Kanisa lilipomtangaza mtakatifu halikutangaza kwamba kila alichokifikiri kilikuwa sawa.

Katika ukuu wake aliendelea kuimba kanisani. Mtawala wa Norfolk alikuja siku moja Chelsea kula naye, akamkuta katika kanisa la parokia, amevaa kanzu nyeupe ya waimbaji, anaimba na kwaya. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mgeni alimlaumu kwamba kujifanya karani wa parokia ni kumvunjia heshima mfalme na cheo chake. More alimjibu kwa upole kwamba mfalme hawezi kuchukizwa na mtumishi anayemtumikia bwana wa huyo mfalme.

Siku ilikuwa yaja ambapo mfalme angechukizwa. Habari hizo zajulikana nasi twazipita upesi. Henry alitaka kumwacha mkewe wa halali, Malkia Catherine, amwoe Anne Boleyn. Baba Mtakatifu hakukubali. Mfalme akajifanya mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Tarehe 15 Mei 1532 maaskofu walisalimu amri. Kesho yake More akarudisha muhuri, akisema afya yake haimruhusu kuendelea.

Hapa ndipo ile miaka ya kuamka usiku ilipoonyesha imemfanya mtu wa namna gani. Alikuwa ameipenda kazi yake, ameifanya kwa bidii, lakini hakuwa ameifanya mbingu yake. Ndiyo maana aliweza kuiweka chini kama mtu awekavyo mzigo njiani. Mapato yake yalishuka yakawa kitu kidogo, kama pauni 100 kwa mwaka. Aliwakusanya wanawe na wakwe zake, akawaeleza kwa kucheka kwamba yeye amewahi kula chakula cha Oxford na chakula cha wanafunzi wa sheria, basi watashuka ngazi moja moja. Na ikiwa hata hicho cha Oxford kitawashinda, watachukua mikoba waende wakiimba Salve Regina milango kwa milango. Watumishi wake aliwatafutia kazi kwa mabwana wengine. Inasimuliwa kwamba katika baridi ya usiku, kuni zikiwa hazipo, jamaa nzima waliota moto wa majani makavu kabla ya kulala. Maaskofu walimchangia zaidi ya pauni 4,000 kwa ajili ya vitabu alivyoandika kuitetea imani. Hakupokea hata moja, kwa ajili yake wala ya watoto wake. Bibi Alice, twadhani, alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo.

Tarehe 13 Aprili 1534 aliitwa Lambeth kuapa kiapo kilichotungwa juu ya ndoa mpya ya mfalme. Asubuhi hiyo aliungama na kusikiliza Misa, kama alivyozoea kabla ya kila jambo kubwa. Siku nyingine mke na watoto humsindikiza mpaka mtoni penye mashua, naye huwabusu na kuwaaga. Safari hii aliufunga mlango mdogo wa bustani nyuma yake, asimruhusu mtu kumfuata. Akaingia katika mashua pamoja na Roper, akakaa kimya muda mrefu kwa huzuni. Kisha akamgeukia mkwewe akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anamshukuru Mungu, vita imeshindwa. Roper hakuelewa siku ile. Alikuja kuelewa baadaye.

Kiapo alikikataa, na siku nne baadaye akatiwa katika Mnara wa London. Huko naye alifanya kazi. Aliandika kitabu kirefu juu ya faraja wakati wa mateso, na kingine juu ya huzuni ya Kristu katika bustani ya Getsemani. Bibi Alice alilipa shilingi 15 kila juma kwa chakula chake na cha mtumishi wake, hata akauza nguo zake. Alipopata ruhusa kumwona alimkemea kwa nini akae na panya katika chumba kile kichafu ilhali angeweza kuwa Chelsea na maktaba yake na bustani yake, kama angefanya tu waliyofanya maaskofu wote wenye elimu. More alimwuliza kama chumba kile hakikuwa karibu na mbingu sawasawa na nyumba yao. Mama alikasirika. Haki yake: yeye ndiye aliyebaki na deni, watumishi na wajukuu. Nasi tukimsifu mfiadini tusimsahau mwanamke aliyeuza nguo.

Mwezi wa Juni 1535 waliviondoa vitabu vyake na karatasi. Ndipo alipofunga dirisha akakaa gizani katika sala. Na mlinzi alipouliza sababu, alijibu kwa mzaha kwamba bidhaa zikiisha, duka hufungwa.

Alihukumiwa tarehe 1 Julai katika ukumbi ule ule wa Westminster alimozoea kupiga magoti mbele ya baba yake. Aliporudishwa Mnarani, Margaret alipenya kati ya askari wenye mikuki akamkumbatia shingoni mbele ya watu, akaenda, akarudi tena akamkumbatia mara ya pili. Tarehe 6 Julai 1535 alikatwa kichwa. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimweka kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Imebaki habari ya lile shati la singa. Kwa miaka mingi watu wa nyumbani hawakujua kwamba analivaa, isipokuwa Margaret aliyekuwa akilifua kwa siri, na mkwe wake Anne aliyewahi kuliona shingoni pake siku moja ya joto alipoketi mezani bila ukosi, akacheka. Siku moja kabla ya kufa, kwa kuwa hakuwa na kalamu, alimwandikia Margaret barua fupi kwa kipande cha mkaa, akiwataja watu wa nyumbani mmoja mmoja na kuwaombea. Pamoja na barua alimrudishia lile shati.